Ulivyomtetea Solange Mbele ya Wamama

Ngalula wangu,

Sasa hivi umeshuka kutoka juu ya sanduku la bati, kitabu mkononi, jasho juu ya mdomo, na wamama bado wanapiga makofi kituo kizima cha treni. Umepita mbele yangu bila kunitazama. Umechukua ndoo, umekwenda bombani kama mtu ambaye hakufanya kitu. Nimekaa juu ya kiroba cha nguo zako. Nimechana karatasi katika daftari lako la hesabu, utanisamehe, na ninaandika haraka kabla jua halijaingia nyuma ya vilima vya mawe ya mgodi, kwa sababu treni ya Kasai ni kesho asubuhi. Jina lako limo katika orodha, la Kaku, mama wa baba yako, limo, langu halimo.

Wacha kwanza niandike ulichofanya, maana najua wewe utakuwa wa kwanza kukisahau.

Ulikuwa umesoma ukurasa wa mwisho. Solange ameolewa na daktari wake, na baba yake, yule fundi wa viatu, amekaa mahali pa heshima mezani. Ulipofunga kitabu, Mama Beya wa samaki wa kukausha, tunayelala naye mkeka kwa mkeka, akasimama mikono kiunoni.

“Hapana! Hapana kabisa! Anaolewa? Na mabaya yake yote ile? Mi minangoja wiki tatu afe, Ngalula! Wiki tatu!”

“Ata kugonjwa kidogo,” mwingine akasema kule nyuma. “Ata malaria tu.”

Watu wakacheka. Mama Beya hakucheka. “Ule mwanamuke ni nyoka. Alikana baba yake mbele ya bantu. Kitabu gani hii inamupa bwana?”

Hapo ndipo ulipopanda tena juu ya sanduku. Sauti yako ilianza ndogo.

“Mama Beya, minakuuliza na heshima. Siye hapa, banatufukuza. Banatuulizaka kwanza tulifanya nini?”

“Hapana, mutoto. Unajua.”

“Banatusikilizaka?”

“Hapana.”

“Basi ule Solange, anarudia kwabo, anapiga magoti, anaomba baba yake samahani. Na siye tumufungie mulango bila kumusikiliza? Kama ni vile, tuko sawa na bale ba fimbo banatufukuza.”

Hata wale wanaume wa karata kando ya ghala waliacha karata. Ukamalizia: “Alimukana baba yake juu ya woga. Woga tu.”

Mama Beya akakuangalia, akamwangalia Kaku, akainua mikono. “Wee mutoto, kule Kasai bakuweke avoka! Basi, aolewe. Aolewe! Lakini mi siendi ku feti ya ndoa yake.”

Na vigelegele vikapanda hadi kwenye bati la paa. Watu waliofukuzwa majumbani, wenye chawa, wenye kulala juu ya saruji, wanapiga vigelegele kwa sababu msichana wa miaka kumi na tano amemshindia kesi mwanamke wa ndani ya kitabu kama wakili kortini! Ngalula, mimi nimejifungua mara moja na mtoto akabaki hai, na mtoto huyo ni huyu. Nilitaka kusimama nipige kelele: ni wangu! Tumbo la mimba likanikalisha.

Habari za kuchemsha maji, za kutokaa mlangoni mwa behewa, za kufunga nywele kwa ajili ya moshi, Kaku amekwisha kukuambia mara ishirini, na atakuambia mara ishirini nyingine kabla hamjafika Kamina. Mimi sirudii. Nataka kukuandikia juu ya yale maneno yako ya mwisho. Woga tu. Niliyasikia, na nilijua unamtetea nani.

Wiki yetu ya kwanza hapa kituoni ulinunua karanga kwa yule bibi wa kando ya reli, na zilikuwa zimefungwa katika karatasi yenye Kifaransa. Ulisoma karatasi kabla ya kula karanga. Ukarudi mbio kumuuliza kama iko nyingine, naye akakuonyesha kitabu kisicho na jalada, nusu yake imekwisha kuchanwa. Ulivua kitambaa chako cha kijani kichwani ukabadilishana naye. Kaku alipokuona unarudi kichwa wazi alipiga mapaja: “Bantu banafukuzwa, banabeba sufuria. Huyu anabeba karatasi!”

Mwanzo wote wa kitabu ulikuwa umekwenda na karanga za watu. Tulimkuta Solange akiwa Solange tayari: nguo nzuri, ulimi mkali, anamsimamisha daktari kwenye mvua, anamtupia mfanyakazi sahani. Kila alasiri saa kumi, mvua ikikatika, ulipanda juu ya sanduku, ukasoma Kifaransa kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, na wamama walileta mikeka yao karibu ili kuja kumchukia pamoja. Kumchukia kulituponya, nadhani. Wale waliotufukuza hatukuwa na namna ya kuwatukana, basi Solange alitukanwa kwa niaba yao.

“Anajiona sawa vile ni yee alizaa jua.”

“Meno yake yote ing’oke.”

Siku moja nilisema polepole, “Mi minamusikilia huruma.”

Mama Beya alinigeukia kama nimemwaga maji yake. “Huruma ya nini, Mama Ngalula? Eko na nguo, eko na munganga, ule daktari, anamufuata sawa mbuzi. Siye tuko na nini? Siye tuko na chawa.”

“Lakini hatujue mwanzo yake. Mwanzo yake banafungiamo karanga.”

Kaku alikuwa anatafuna. “Mwanzo yake ilikuwa tamu,” alisema, na wote wakaanguka kwa kicheko, na maneno yangu yakapotelea hapo. Mimi nilicheka pia. Lakini nilimaanisha.

Halafu ikaja siku ya feti, ile karamu ya Solange na wageni wake. Ulisoma baba yake anaingia kwenye ile nyumba kubwa na mfuko wa viatu mkononi, nasi tumekaa tunangoja atasema nini binti yake, na mara asubuhi imefika, Solange analia kitandani. Wamama hawakuona kitu. Mimi niliona kidole chako kimegeuza karatasi mbili.

Ulipokwenda kutafuta maji nilichukua kitabu. Unajua mimi na Kifaransa. Nilisoma kwa kidole, siku tatu kwa ukurasa mmoja, nikificha kitabu chini ya kitenge kila nilipokuona. Neno la fundi wa viatu nililijua kwa sababu limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kibanda kile cha njia panda ya Dilala. Mengine nilikamata kumi na kitu tu. Baba. Hapana. Mlango. Mpe kitu aende. Na la mwisho: kucheka. Solange anawaambia wageni kwamba simjui huyu, ni fundi wetu wa viatu, mpeni kitu aende. Halafu anacheka pamoja nao.

Nikakaa pale na kitabu juu ya tumbo. Nikajua kwa nini uliruka, lakini sikujua kama uliruka kwa kunihurumia au kwa hasira, na nikaogopa kukuuliza. Kesho yake ulipopanda juu ya sanduku nikasema mbele ya wote, “Ngalula, iko ukurasa ulirukaka. Ile ya feti. Soma.”

“Mama, haina muzuri.”

“Soma vile iko.”

Ukasoma. Ulisoma bila kuinua macho. Wamama walipiga kelele hadi mlinzi wa kituo akaja kuuliza nani amekufa. Kaku peke yake aliinuka, akajipangusa mapaja, akaenda kuokota kuni.

Sasa tuongee juu ya mlango wetu, kwa sababu tangu siku ile hatujaongea, wewe na mimi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Baba yako alikuwa ameondoka na treni ya kwanza, kwenda kututafutia nyumba kwao, kwao ambako hajawahi kulala hata usiku mmoja, yeye aliyezaliwa hapa hapa katika nyumba za kampuni. Tangu mgodi ulipoporomoka na mishahara ikasimama, watu walitaka mtu wa kulaumu, wakampata jirani mwenye jina la Kasai. Vijana walikuja mtaani na fimbo na matawi. Wewe na Kaku nikawasukuma nyuma ya mlango wa jikoni. Nikasimama kizingitini na tumbo langu, mimi Mluba wa Katanga, mtoto wa hapa, ambaye hakuna aliyemfukuza. Unajua waliniuliza nini.

“Mama, iko bilulu humu?”

Bilulu, wadudu. Ndivyo walivyowaita baba yako, na Kaku, na wewe.

Nikajibu, “Bilulu? Hapana. Banaisha kukimbia bote.”

Neno lile liliwaokoa, na hata leo nikisimamishwa mbele ya Mungu nitalisema tena. Walikuwa wanageuka. Mmoja alikuwa amekwisha kuinua mguu kwenda nyumba ya pili. Na mimi nikaongeza, “Banaacha harufu yabo tu.” Nikacheka. Wao wakacheka. Walipofika barabarani mimi bado nilikuwa nacheka.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, wewe avoka wangu. Neno la kwanza lilikuwa woga. La pili hakuna aliyeniuliza. La pili nililitoa bure, na lilikuwa tamu mdomoni. Kwa kitambo kidogo, muda wa kucheka tu, nilikuwa upande wa wenye fimbo, na upande ule kulikuwa na joto zuri, Ngalula. Halafu nikageuka, nikafungua mlango wa jikoni, nikaona macho yako. Kaku alikuwa anafunga sufuria kwa kitenge, kichwa chini. Sijui alisikia nini. Mlango ule ni mzito, na yeye hajawahi kusema.

Kwa hiyo usiwaambie watu kwamba ilikuwa woga tu. Umenitetea kwa ushahidi nusu. Ukinipenda nusu ile, nitakaa maisha yangu yote nikiogopa siku utakapoijua nusu nyingine. Basi ichukue yote. Na kama Solange, mimi pia nina mwanzo ambao hukuusoma.

Kabla hujazaliwa, nilipoletwa katika nyumba ya Kaku, niliwaambia nimemaliza miaka sita ya shule. Familia ya baba yako ilikuwa ya watu wa kalamu, makarani, mafundi wa umeme, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tano na nilitaka wanione mtu. Ukweli, nilitoka mwaka wa tatu, na hata mwaka huo nilikuwa nauza mandazi getini kuliko kukaa darasani. Wiki ya kwanza Kaku akapata barua kutoka kwao. Yeye hasomi. Wanaume walikuwa kazini. Akaniita kwa furaha kabisa, akanipangusia kiti: “Kuya, muke wa mutoto wangu, weye wa masomo, nisomee.”

Ningeweza kusema, Mama, nilidanganya. Maneno mawili. Badala yake nikafungua barua, nikaitazama mistari yote hadi chini, nikasema, “Banakusalimia sana. Mvua inanyesha bizuri. Mbuzi inazaa mapacha.”

Kaku alicheza. Alicheza uani kwa ajili ya mbuzi wale. Akanunua samaki.

Baada ya miezi miwili akaja msafiri kutoka kule, akashangaa kumkuta Kaku amekaa anachambua mchele. Barua ilisema, ndugu yako wa tumbo moja anaumwa, anakuita kabla hajafa. Alimwita, akamngoja, akafa akitazama njia.

Matanga tulilia katika nyumba ile ile, na katikati ya kulia Kaku alikuwa anasema peke yake, “Mbuzi inazaa mapacha.” Hakunipiga. Hakuniambia niondoke. Alinipa jina la Mama Posta, na hilo ndilo jina lililonifuata miaka kumi na sita, na wewe ulikua unadhani ni utani wa nyumbani.

Lakini sikiliza kilicho kibaya zaidi ya barua. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa na aibu kubwa mno, na aibu ile, badala ya kunilainisha, ilinikausha. Nikawa mkali. Akisema chumvi imezidi, naongeza. Akiwaambia wageni kwamba kwao sombe, majani ya muhogo, kama yangu wanapewa mbuzi, namjibu kwamba hata mbuzi wa kwao wana kiburi. Watu hudhani mwenye kiburi ni yule aliyekosewa. Nakuambia mimi niliyeishi hivyo: aliyekosa ndiye anayeweza kutembea shingo juu miaka mingi, akimkasirikia mtu kwa sababu tu alimtendea vibaya. Baba yako alijua. Hakunicheka. Kila Jumapili baada ya misa alinikalisha na kitabu cha nyimbo, akashika kidole changu, akakitembeza neno kwa neno, hadi nikajua kusoma. Nilijifunza kusoma, lakini kwenda jikoni kusema “Mama, nilikosa,” hilo sikujifunza.

Basi siku ile mlangoni, nilipotoa lile neno la harufu, kicheko changu kilikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Kilikuwa kinamjibu Kaku. Vijana wa fimbo walinifungulia mdomo tu.

Ndiyo maana nilimhurumia Solange tangu siku ya kwanza, wakati ninyi wote mnamng’oa meno. Nilimtambua. Alipomtupia yule mfanyakazi sahani, mimi nilijua kuna mahali ameficha kitu na anaogopa watakiona. Simaanishi kwamba alifanya vizuri. Mama Beya ana haki, mambo yake yalikuwa ya nyoka. Lakini mtu akikuchukiza sana, mwanangu, mimi nimeanza kujiuliza karanga za nani zilifungwa na kurasa zake za kwanza. Sikuambii umpende. Jiulize tu, halafu uendelee kumchukia ukitaka.

Na sasa nikuambie kile ninachokiogopa, kuliko ile safari yenyewe.

Unakwenda kwenu ambako si kwenu. Hapa wamekuita mdudu wa Kasai. Kule watakuita mtu wa Katanga. Utafungua mdomo useme Kiluba cha kwao na watoto wa shangazi zako wataviringika chini kwa kicheko. Utaonekana unajivuna kwa sababu tu hujui jinsi ya kushika mti wa kutwangia wao wanavyoushika. Utakuwa Solange wao, na hawatakuwa wamesoma mwanzo wako. Na siku moja, kisimani au darasani, katikati ya watu waliochomewa nyumba huku, mmoja atakuuliza, “Na mama yako, yee muntu wa wapi?”

Najua swali hilo litakuwa zito. Nitakuwa niko Kasaji wakati ule, kwa yaya wangu Ilunga, ndugu yangu mkubwa, nalima muhogo na kungoja mtoto, kwa sababu kati yako na huyu aliye tumboni nilipoteza wawili, na nesi hataki hata kusikia neno treni. Sitakuwepo pale kukubana mkono. Basi nakuambia leo, kwa baraka zangu: kama utaona hatari, nikane. Sema huna mama, sema nilikufa, sema unavyotaka, ujiokoe. Mimi sitahesabu. Lakini nikane kwa neno moja, Ngalula. Usiongeze la pili. Usicheke nao. La pili halikuokoi, na ndilo linalobaki nyumbani pamoja nawe.

Na kama hakuna hatari, kama ni aibu tu, basi wainulie kichwa kama ulivyoinua leo juu ya sanduku, uwaambie: mama yangu ni wa Katanga, alisoma kwa kidole, aliwahi kumkosea nyanya yangu vibaya, na bado ni mama yangu. Umeweza kituoni mbele ya Mama Beya. Hakuna mahakama ngumu kuliko ile.

Nitakuja. Mtoto akizaliwa na akikaza shingo, nitapanda treni na yeye mgongoni, nitashuka kule na kuuliza, nyumba ya avoka Ngalula iko wapi? Wewe cheka, lakini nimeanza kuliona. Leo nimeliona. Miaka yote nilidhani nitakuachia sufuria mbili na hasira zangu, na kumbe mtoto aliyekuwa nyuma ya mlango, aliyesikia yale aliyosikia, ametoka pale akiwa mtu wa kuwafungulia wengine. Hata kama sikufanya kitu kingine katika maisha, nyumba imechukuliwa, mashamba hatuna, mimi nimeshinda. Nataka ujue uliondoka Kolwezi na mama aliyeshinda.

Nilitaka kuikunja barua hii ndani ya pindo la kitenge chako, uione mkifika Kamina, wakati mimi niko mbali na huwezi kunijibu. Nimeandika hadi hapa nikiwa na mpango huo. Lakini naona ni ule ule ujanja wa barua ya kwanza, kumpa mtu karatasi na kujificha nyuma yake. Hapana. Nitakusomea leo, mimi mwenyewe, jua likiwapo. Na Kaku atasikia pia, kwa sababu kesho na yeye anaondoka, na mzee wa umri wake akipanda treni kama hii hujui...

Umesikia huyo anayeita? Ni yeye.

“Mama Ngalula! Kuya kula, bukari inapola! Na kama unaandika mabaya yangu, kuya uandikie hapa karibu. Macho yangu njo inakufa, masikio haina na shida. Ata nyuma ya mulango minasikiaka byote!”

Mungu wangu. Ngalula, amesema mlango. Alisikia. Alisikia siku ile ile, neno la kwanza na la pili, na wiki tatu hizi amekuwa akinikatia bukari, donge langu la ugali kubwa kuliko lake, akisema mwenye mimba asile kama ndege. Wamama wanacheka kule na hawajui wanacheka nini. Wewe umesimama na ndoo kichwani, na sasa unanitazama, kwa macho yote mawili.

“Minakuya, Mama! Minakuya!”

Nasimama, mwanangu. Nakuja na karatasi hizi mkononi, nitakaa chini kati yenu, na kabla sijagusa chakula nitasoma, polepole, mbele ya Mama Beya na mtu yeyote, na anayetaka kunitukana anitukane, mradi wewe uwe upande huu wangu na Kaku upande ule.